Gitaa Lisilo na Kasoro

Wewe si wa huku, kwa hiyo nitakueleza. Ungekuwa wa Sumbawanga, tena wa umri wangu, ningetaja tu jina la Kalisti ukatabasamu. "Aa, Kalisti solo!" ungesema, halafu ungeuliza kama bado anapiga. Nami ningekujibu lile jibu nililolitoa sokoni, kanisani na kwenye misiba mpaka mdomo ukachoka: hapigi, hana gitaa.

Mimi ni Cornelia, mke wake, ingawa hapa Katandala wananiita Mama Agnesi. Nauza maharage na dagaa. Nikikaa magoti yanalia, nikisimama kiuno kinalia, na nikilala nawaza kesho. Kwa hiyo usitegemee nikusimulie kwa madaha. Nitasema ilivyokuwa, basi.

Kalisti alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya umma, zile zilizokuwa zikigawa sukari, sabuni na vitenge enzi za foleni. Mchana anahesabu magunia, jioni anapiga gitaa kwenye bendi ya kampuni. Na kila kitu kilikuwa cha kampuni, nisikudanganye. Magitaa ya kampuni, spika za kampuni, hata suruali za kupandia jukwaani walishonewa na kampuni. Mtu amepiga gitaa ujana wake wote na hajawahi kununua hata uzi mmoja. Likiharibika anapewa jingine, anasaini, anaendelea.

Bendi ilikuwa na magitaa matatu. Besi inanguruma chini. Rithim, hiyo ilikuwa ya Wilibrodi, rafiki yake Kalisti mpaka leo, inachapa palepale bila kuchoka ili watu wapate pa kukanyagia. Solo ndiyo inayosimama mbele na kuzungumza peke yake. Ikianza solo, watu wanaacha bia mezani, hata yule aliyekuja kwa ugomvi anasahau alikuja kugombana na nani. Solo ilikuwa ya mume wangu.

Alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza, Kalisti alitoka hospitali akaenda moja kwa moja ukumbini, akatunga wimbo. Maneno yake hayakuwa na maana yoyote, ni "Agnesi, Agnesi, umekuja" mpaka mwisho. Utamu ulikuwa kwenye solo. Inaanza taratibu, halafu mkono unateremka shingoni kuelekea tumboni mwa gitaa, na kadiri unavyoteremka sauti inazidi kuwa nyembamba, inapanda, inapanda, mpaka mwili unasisimka. Mimi si mtu wa kulialia ovyo, lakini pale palinishinda. Walipangiwa kwenda Dar es Salaam kuurekodi. Mara gari halina mafuta, mara mhasibu yuko likizo. Hawakwenda, na wimbo ukabaki kwenye vidole vyake.

Ikaja ruksa, kila mtu akaachiwa kuagiza na kuuza anachotaka. Siisemi vibaya, mimi mwenyewe imenipa biashara. Ghafla maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, mitumba mpaka njiani. Nani tena apange foleni kwa kampuni? Wakapunguza wafanyakazi, wakapunguza tena, halafu wakafunga milango na kuuza vitu kwa mnada. Vyombo vya bendi alivinunua bwana mmoja kutoka Mbeya, akavipakia kwenye lori pamoja na viti vya ofisini. Kalisti alisimama getini akaliangalia lori mpaka likapotea. Alirudi nyumbani, akakaa, akaniuliza kama kuna chai.

Baada ya hapo akaenda kupasua mbao kule milima ya Mbizi. Karani, mtu wa shati jeupe, akashika msumeno na vijana wenye nguvu mara mbili yake. Unajua baridi yetu ya Ufipa mwezi wa sita? Basi ya Mbizi ni zaidi. Anaondoka umande haujakauka, anarudi ameloa mpaka magotini. Huku mjini baa zote zimenunua redio kubwa za kaseti, muziki mchana kutwa, hakuna anayelipa bendi. Watu wakikutana naye wanamwonea huruma. "Kaka, lini tutakusikia?" Naye anajibu kwa upole, "Sina gitaa, ndugu yangu." Wanaelewa. Nani asingeelewa?

Miaka ikaenda hivyo. Agnesi akakua, akawa mwalimu wa shule ya msingi Kasense, akaposwa na Raymond, mtoto wa Mzee Maganga, Wasukuma wale walioteremka na ng'ombe wao bondeni. Watu wazuri, sina neno nao. Tukapanga siku ya kumuaga, nyumbani kwetu. Basi Agnesi akaja jioni moja, akampa baba yake shikamoo, akakaa miguuni pake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

"Baba, siku hiyo sitaki kaseti," akasema. "Nataka unipigie wimbo wangu. Sijawahi kuusikia nikiwa na akili zangu."

"Mwanangu, sina gitaa."

Mimi niko pale nachambua maharage. Nikasema, "Basi tutatafuta! Kila siku sina gitaa, sina gitaa, gitaa ni mbuzi kusema limeliwa na fisi?" Agnesi akaruka kunikumbatia. Kalisti akainuka akatoka nje, nami nikadhani ni furaha.

Nyumba yetu haina umeme, kwa hiyo tulitaka gitaa kavu, lile la mbao tupu lenye tundu tumboni. La kwanza tuliliona palepale sokoni, kwa muuza mitumba. Kubwa, linang'aa, ukiligusa linavuma uani kote. Kalisti akaligeuza, akalipiga kidogo kwa dole gumba la kulia, akalirudisha.

"Hili tumbo lake kubwa mno," akasema. "Sauti yote imekwenda chini. Linafaa rithim, linafaa kwaya. Solo inataka sauti nyembamba, kali, itoke mbele ya wenzake."

Sawa, nikasema, yeye ndiye fundi. La pili lilikuwa la mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Lina nyuzi za plastiki na shingo pana. Kalisti akasema shingo ile mkono hauizunguki, solo inataka shingo nyembamba ili vidole vikimbie. La tatu nililipata Tunduma nilipopeleka maharage. Nilirudi nalo kwenye basi nimelipakata njia nzima, mashimo yale unayajua, vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Nafika nyumbani, Kalisti akalitazama tu.

"Mama Agnesi, hili halina bega lililokatwa."

"Bega gani tena?"

Akanionyesha. Gitaa kavu la kawaida lina mabega mawili ya duara, na mkono ukiteremka shingoni unagonga bega, unakwama. Solo ya Agnesi inaishi huko chini, baada ya kukwama. Kwa hiyo lazima bega moja liwe limekatwa, mkono upite. Halafu akatoa njiti ya kiberiti, akaichomeka chini ya nyuzi, katikati ya shingo. Njiti ikaanguka.

"Na nyuzi ziko juu. Zikiwa sawa zinaishika njiti kidogo, haianguki. Zikikaa juu hivi, unabonyeza mpaka vidole vinatoka damu, na mbio huna."

Nilikasirika, sifichi. Nililirudisha Tunduma kwa hasara, nikamnunia siku nzima. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani. Nikiwa napima dagaa najisemea: tumbo dogo, shingo nyembamba, bega limekatwa, nyuzi zishike njiti. Wenzangu sokoni wakawa wananicheka. "Mama Agnesi, siku hizi unauza magitaa?" Ndiyo, nikasema, na siku ya Agnesi mtasikia, mtaacha vikapu vyenu. Nilijigamba, jamani! Nilimwambia kila mtu.

Zilikuwa zimebaki wiki chache, nikashuka Kasanga kuchukua dagaa. Pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, karibu na magunia, nikakuta Mkongomani mmoja amekaa na gitaa. Walikuwa wamevuka ziwa wengi wakati ule, wamekimbia vita kwao, wanauza chochote walichobeba. Nilipoliona gitaa nikasimama. Tumbo dogo. Bega limekatwa. Nikauliza, naruhusiwa kushika? Nikaizungushia mkono ile shingo, nyembamba. Nikatoa njiti yangu mfukoni, nilikuwa natembea nayo, nikaichomeka. Ikaanguka.

"Nyuzi ziko juu," nikamwambia. "Hili halifai solo."

Yule bwana alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, wewe unapiga?"

"Mume wangu ndiye anayepiga. Mimi nimechoka tu."

Akalegeza nyuzi. Pale tumboni, nyuzi zinapokaa, kuna kifupa chembamba kimekaa kwenye mfereji wake. Akakivuta kikatoka, akakisugua upande wa chini kwenye jiwe, taratibu, anakipima, anasugua tena. Akakirudisha, akakaza nyuzi, akaniomba njiti yangu. Ikakaa. Halafu akapiga kidogo, mkono ukateremka ukapita kwenye lile bega lililokatwa, sauti ikatoka nyembamba, kali. Machozi yalinilenga pale pale mbele ya wauza dagaa. Siku hiyo sikununua dagaa, nilinunua gitaa.

Nilifika nyumbani nimechoka hoi, lakini moyo mweupe. Nikaliweka mapajani mwa Kalisti. Akalitazama tumbo. Akapitisha mkono wa kulia kwenye bega. Akaichomeka njiti, ikashikwa. Akaitoa, akaichomeka tena. Nilikuwa namtazama usoni, nasubiri hata tabasamu. Niliona mtu anayetafuta kasoro, na haioni.

"Zuri," akasema.

"Basi piga!"

"Kesho."

Kesho yake kulikuwa na baridi. Keshokutwa alikuwa na kazi. Siku iliyofuata akasema nyuzi zinahitaji kupumzika. Hapo nikalipuka. "Nyuzi zipumzike, mimi je? Nimetoka Tunduma mpaka Kasanga kwa ajili yako, mgongo umekatika, mtoto anasubiri, wewe unanifanyia madaha! Shika gitaa upige, Kalisti!" Nilimwita jina lake, jambo ambalo sifanyi.

Ilikuwa mchana, tuko uani wawili tu. Akaliweka gitaa chini polepole. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, akauweka juu ya goti lake.

"Kunja hivyo vidole," akasema.

Nikavishika. Kile cha pete na kile kidogo vilikuwa vigumu kama vijiti. Cha kati kilikunjika nusu, kikaishia hapo, naye akafumba macho kwa maumivu.

"Baridi yabisi. Ilianza mwaka wa pili wa Mbizi."

Mambo yakanijia yote kwa pamoja. Sisi Wafipa tukimwamkia mkubwa tunapiga makofi taratibu, na siku walipokuja wazee wa Mzee Maganga nilisikia makofi ya Kalisti yanagonga vibaya, nikadhani ni haraka. Vifungo vya shati ananiomba nimfunge, nikadhani anadeka. Kikombe anashika kwa kulia, sahani anapokea kwa kulia. Magitaa yote yale aliyajaribu kwa dole gumba la kulia tu. Nimelala na mtu huyu miaka yote, na mkono wake sikuujua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenihurumia. Halafu ungewaambia watu ili unitetee, nakufahamu." Akavuta pumzi. "Mama Agnesi, nilikuwa nimekosa gitaa tu. Mtu aliyekosa gitaa bado ni mpiga solo. Sasa gitaa lipo."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilitaka kumpiga kibao kwa kunificha. Zaidi ya yote niliuchukia mdomo wangu. Sokoni wanajua, kanisani wanajua, Wilibrodi ameshasema atakuja mapema amshike mkono rafiki yake. Agnesi amewaambia walimu wenzake wote. Ningelificha gitaa, wangeuliza liko wapi. Angelishika, wangeona.

Siku ya kumuaga Agnesi ilifika. Asubuhi, wanawake wako jikoni na masufuria, Kalisti ananyoa ndevu nje, mimi nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nikalegeza nyuzi kama nilivyomwona Mkongomani akifanya. Nikakivuta kile kifupa. Nikachukua njiti mbili za kiberiti, nikazilaza kwenye mfereji, moja juu ya nyingine, kifupa nikakirudisha juu yake. Jasho linanitoka na baridi ile. Nikakaza nyuzi ovyo ovyo. Nilipochungulia, zilikuwa zimesimama mbali kabisa na shingo. Gitaa nililolitafuta mpaka Tunduma na Kasanga, nikaliharibu kwa mkono wangu.

Watu walijaa. Wasukuma wetu wamekaa upande wao, sisi upande wetu, pombe ya ulezi inazunguka. Wilibrodi hakungoja kuambiwa, alilichukua gitaa akaanza kulirekebisha sauti. Agnesi, kapendeza mwanangu, akaketi mbele, macho yote kwa baba yake. Mzee Maganga akasema kwa sauti, "Mkwe, tumesikia sifa zako mpaka bondeni. Tupe!"

Kalisti akainuka. Aliinuka kama mtu anayeitwa mahakamani, mkono wa kushoto umo kwenye mfuko wa koti. Mimi nikakaza macho kwa Wilibrodi, nikimwomba Mungu awe bado na vidole vyenye akili.

Wilibrodi akabonyeza shingoni. Akabonyeza tena, akakunja uso. "Shemeji! Nani kakuuzia hili? Nyuzi ziko juu, unaweza kuanikia nguo! Solo gani itapigwa hapa?"

Kalisti akamtazama Wilibrodi, halafu akalitazama gitaa. Akalipokea kwa mkono wa kulia, akaliweka mezani. Akatoa njiti mfukoni, akaichomeka chini ya nyuzi, mbele ya watu wote. Ikaanguka. Akainama kuangalia pale kifupa kinapokaa, na hapo nikajua nimekwisha, maana kwa haraka zangu sikuzikata njiti vichwa. Kichwa kimoja chekundu kilikuwa kimejitokeza pembeni.

Alikiona. Najua alikiona, kwa sababu aliweka kiganja chake juu yake na hakukiondoa. Akainua uso akanitafuta kwenye watu mpaka akanipata.

"Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia Mama Agnesi, nyuzi ziko juu. Lakini huyu mama akishapenda kitu, hasikii."

Watu wakaangua kicheko. "Mama Agnesi, dagaa umezizoea, magitaa waachie wenyewe!" "Umeuziwa kamba!" Nikacheka nao. Nikasema, "Jamani nisameheni, mimi nilipenda rangi." Agnesi alinitazama bila kucheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko cha wote. Alitaka solo yake, na mbele yake mama yake ndiye aliyeiharibu.

Wilibrodi alisema rithim haijali nyuzi za juu, akaanza kuchapa ule mwendo wa zamani. Wazee wakaukumbuka, wakaimba "Agnesi, Agnesi, umekuja." Kalisti akasogea karibu na mwanawe, akaanza kumweleza sikioni, na kwa kuwa alishaanza kusisimka, sote tukasikia: hapa ndipo solo inaingia, hapa inateremka, hapa ingepita kwenye bega. Akaiimba kwa mdomo, ti-ri-ri, ti-ri-ri, mpaka ile sehemu nyembamba ya juu, sauti ya uzee ikapasuka hapo hapo. Agnesi akalia na kucheka pamoja. "Siku nyingine, Baba," akasema. "Siku nyingine, mwanangu," akajibu, "tukipata gitaa."

Usiku wageni walipoondoka tulibaki wawili. Alinikalisha kitandani, akanivua viatu kwa mkono wa kulia, akanikanda miguu. Njiti zimo mpaka leo, hakuna aliyezitoa, na gitaa linaning'inia sebuleni. Kila mgeni akiligusa Kalisti anamwonyesha kasoro yake, anaeleza tumbo, shingo, bega, nyuzi, na akieleza unaona kabisa kwamba huyu ni mpiga solo. Sokoni bado wananitania: "Mama Agnesi, umeshapata gitaa?" Bado, nawaambia, naendelea kutafuta.

Wewe nimekueleza kwa sababu si wa huku. Ukipita Katandala njoo umsalimie, umuulize gitaa la solo linatakiwa liweje. Atafurahi, atakueleza mpaka chai ipoe. Ila mkono wake usiutazame.